Mkono Mbele ya Kamera

Redio ilipotangaza kwamba hakuna chama kilichopata viti vya kutosha kuunda serikali peke yake, 'Malisebo alikuwa amepiga magoti jikoni akichochea moto wa samadi kavu. Nje theluji ilikuwa imefunika zizi, na mbuzi walikuwa wakilalamika.

"Wamesema nini?" mama mkwe wake akauliza. 'Masekake alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, na redio ilikuwa upande huohuo.

"Wamesema Mapambazuko wameongoza, 'M'e, lakini hawajafika. Wanahitaji watu."

"Watu gani?"

'Malisebo akacheka kicheko cha mtu asiyeamini alichosikia. "Sisi."

Sisi, yaani Chama cha Wafugaji, kilichozaliwa kwenye banda la kunyolea kondoo huku Thaba-Tseka na ambacho watu wa Maseru walikiita chama cha wanuka-kondoo. Kilikuwa kimepata viti sita, na kimoja kilikuwa cha 'Malisebo mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki akawa katibu mkuu. Katika Bunge la watu mia moja na ishirini, sita ni chumvi ya kiganjani. Ila safari hii Mapambazuko walikuwa wamepungukiwa watano, na chumvi ikawa inatafutwa.

Chama hicho kilikuwa na sababu ya kuzaliwa. Miaka mitatu nyuma serikali ya Chama cha Ngao iliamuru manyoya yote ya kondoo na mbuzi yauzwe kwa mnunuzi mmoja iliyemchagua yenyewe. Wafugaji wa kijiji cha Ha Ntjabane wakagoma, wakakaa bandani na marobota yao. Polisi wakaja. Walipoondoka, wanaume wanne walikuwa wamelala chini, na mmoja wao alikuwa Sekake, mume wa 'Malisebo, mtoto wa pekee wa 'Masekake. Waziri wa polisi wakati huo, Leuta Phafoli, alisema redioni kwamba wafugaji ndio walioanza, na kwamba huenda walipigana risasi wao kwa wao. Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna aliyekuja hata kutoa pole.

Simu ya 'Malisebo ikaanza kuita kabla chai haijachemka. Watu waliokuwa hawamsalimii barabarani wakawa wanamwita 'M'e, yaani mama, kwa sauti ya asali. Wa mwisho kupiga alikuwa mwenyekiti wake, Ntate Seabata Moqhali.

"Katibu! Funga mzigo. Maseru wanatuita."

"Akina nani?"

"Wote! Hata Ngao wamenipigia. Nimewaambia nina mafua."

'Malisebo alipokuwa akikunja nguo zake, 'Masekake alikuja akasimama mlangoni, blanketi limebanwa kwa pini kifuani.

"Kaa na umtakaye," alisema. "Kaa hata na hao Mapambazuko wasiojua kondoo ananyolewa upande gani. Lakini yule mtu, mwanangu, usikae naye meza moja."

"Tumeshamwangusha, 'M'e. Ngao imekwisha."

"Mimi sijasema Ngao. Nimesema yule mtu."

*

Mazungumzo yalifanyika kwenye hoteli moja ya Maseru, katika chumba chenye zulia zito na birika za kahawa zisizokauka. Kiongozi wa Mapambazuko, Ntate Tumahole Khesa, alikuwa mwanasheria mpole, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mtu ajione ana busara. Seabata yeye alikuwa mnene, mcheshi, na alikuja na blanketi lake jipya ili wasimsahau alikotoka.

"Haya, Ntate Seabata," Khesa alisema. "Unataka wizara gani?"

"Mifugo. Na Serikali za Mitaa. Na Barabara, ukinionea huruma."

"Nikikuachia utaomba na kasri la mfalme."

"Kasri silitaki, nasikia lina baridi."

Wakacheka wote. 'Malisebo naye akacheka, kisha akasema, "Mimi nataka tume."

Akaeleza: tume ya majaji, watu wa Ha Ntjabane wasikilizwe hadharani, na ijulikane ni nani aliyetoa amri ya kupiga risasi. Alieleza bila kutetemeka, maana alikuwa ameyasema hayo kwenye kila mkutano wa kampeni, juu ya magari, juu ya mawe, kwenye upepo.

Khesa alivua miwani. "Iseme kwa maneno yako, 'M'e. Mimi nitaandika."

Akaandika kweli, kwa mkono wake, neno baada ya neno, na siku iliyofuata makubaliano yakatiwa saini mbele ya waandishi wa habari. 'Malisebo alipiga simu nyumbani akiwa bado ameshika kalamu.

"Amekubali, 'M'e! Ameweka saini."

"Mimi sijakuuliza saini," 'Masekake alisema upande wa pili. "Nakuuliza, ni mtu wa kweli?"

"Nadhani ni mtu wa kweli."

"Haya."

Wiki ile 'Malisebo aliishi kama mtu aliyepona ugonjwa. Alikuwa na chumba chenye maji ya moto. Madereva walimfungulia mlango. Binti yake Lisebo, aliyekuwa chuo kikuu kule Roma, nje kidogo ya Maseru, alikuja kumwona na rafiki zake wawili, akawaambia mbele yake, "Huyu ndiye mama yangu," kama vile walikuwa wamebishana.

*

Leuta Phafoli hakuwa mtu wa kungoja kuzikwa na chama chake. Siku chache kabla Bunge halijafunguliwa alijitokeza na wabunge wanane, akatangaza kwamba wamejitoa Ngao, kwamba nchi imechoka na chuki, na kwamba wameanzisha chama kipya kiitwacho Upatanisho. Watu wa sokoni walicheka sana siku ile. 'Malisebo hakucheka. Alijua hesabu.

Khesa aliwaita yeye na Seabata alasiri ileile. Safari hii hakukuwa na kahawa.

"Sitawazungusha," alisema. "Phafoli ananiletea watu wake wote. Na nyinyi na yeye na mimi tukiwa pamoja, hakuna wa kututikisa."

"Na anataka nini?" Seabata akauliza.

"Anataka alichokuwa nacho."

"Polisi," 'Malisebo akasema.

"Polisi, ndiyo."

"Na tume?"

"Tume ipo palepale. Sijafuta hata nukta."

"Tume imchunguze waziri wa polisi, na polisi wenyewe ni wake? Nyaraka atazileta nani, Ntate? Mashahidi watalindwa na nani?"

Khesa akajikuna shingo. Alionekana amechoka kweli, hakuwa akiigiza. "'M'e 'Malisebo, mimi naongoza nchi. Siongozi mazishi."

Mara akajuta. Alinyoosha mkono mezani, akaurudisha. "Nisamehe. Lakini sikilizeni. Nyinyi mkiondoka, bado natawala, maana yeye ananitosha. Mkibaki, natawala vizuri zaidi. Mimi ningependa mbaki."

'Malisebo alitoka akaenda kusimama kwenye maegesho ya magari. Upepo wa baridi ulikuwa ukisukuma karatasi chini ya magurudumu. Seabata alimfuata akihema.

"Usiseme kitu," 'Malisebo alimwambia. "Ulishika koleo siku ya kumzika Sekake. Nilikuona. Uliapa ukiwa umeshika koleo kwamba damu yake haitapotea bure."

"Niliapa."

"Basi twende zetu nyumbani."

"Tukafanye nini nyumbani, dada? Tuimbe?" Seabata aliegemea gari. Uso wake ulikuwa hauna mzaha tena. "Tukiondoka, serikali inaundwa vilevile. Phafoli anapata polisi vilevile. Tofauti ni moja tu: ndani hakutakuwa na mtu wa Ha Ntjabane hata mmoja. Huyo ndiye atakayeanzisha tume? Yeye mwenyewe Phafoli?"

"Unaitaka wizara yako."

"Naitaka! Nimekataa lini? Watu wangu hawana majosho, hawana madaktari wa mifugo, manyoya yanaozea bandani. Naitaka, na sioni haya. Na wewe Khesa amekutengea unaibu waziri wa Sheria. Tume itakuwa mezani kwako. Kwako, si kwa mwingine. Sasa niambie Sekake angesema nini."

"Usimtaje Sekake."

"Haya, simtaji."

'Malisebo alitafuta kosa katika maneno yale, akalikosa. Alijiambia kwamba atakubali kwa ajili ya tume, na alikuwa akisema kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine ndogo chini yake, na hiyo aliiona pia, maana hakuwa mjinga: kwamba Lisebo alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzoea watu wasimame anapoingia chumbani. Kurudi Thaba-Tseka, akashuke kwenye basi na begi lake lilelile, watu wamwulize kulikoni? Alikubali.

*

Siku ya kuapishwa kulikuwa na jua kali lisilo na joto. Mawaziri na manaibu walipangwa mstari kwenye nyasi kwa ajili ya picha. 'Malisebo alikuwa amejiandaa kwa ajili ya Phafoli kama mtu anavyojiandaa kwa mtihani. Akija na maringo, atamgeuzia mgongo mbele ya nchi nzima. Akiomba msamaha, atamwambia, uombe kule juu, mbele ya makaburi manne. Akijifanya hamwoni, naye hatamwona. Yote alikuwa ameyapanga.

Phafoli alishuka na mstari ule akishika mikono, mwanamume mfupi, nadhifu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Alipofika kwake akampa mkono, mkono laini wenye joto.

"'M'e! Hongera sana. Wewe ni wa wapi vile?"

"Thaba-Tseka," 'Malisebo alijibu.

"Aa, kwenye baridi! Sasa tutakula kondoo wa kweli." Akacheka, akamgongagonga bega kwa mkono wa pili, akasogea kwa anayefuata.

Hakumjua. Jina la Nthako, la ukoo wa Sekake, lililosomwa wakati wa kuapa, halikumkumbusha kitu. Miaka mitatu 'Malisebo alikuwa amelala na kuamka na mtu huyu, akibishana naye akiwa anachota maji, akimshtaki akiwa darasani, na muda wote huo mtu mwenyewe hakuwa na habari naye.

Na picha ilikuwa imekwisha kupigwa. Ilipotoka magazetini na kwenye simu za watu, ilimwonyesha 'Malisebo Nthako ameshika mkono wa Phafoli, na alikuwa anatabasamu. Hakukumbuka kutabasamu. Lazima mdomo ulifanya wenyewe, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa kuitikia salamu.

*

Picha ilifika Ha Ntjabane kabla yake. Alipopanda nyumbani mwisho wa mwezi, kwa gari la serikali lenye dereva, alimkuta 'Masekake amefagia ua mpaka barabarani. Kuku alikuwa amechinjwa. Kitambaa cheupe, kile cha wageni na cha padri, kilikuwa kimetandikwa mezani.

"Karibu, Mheshimiwa."

"'M'e, ni mimi."

"Najua. Keti, Mheshimiwa. Utakula papa, ugali wetu wa siku zote, au tukupikie wali?"

"'M'e, tafadhali."

"Na dereva wako, anakula nini? Sisi hatujui watu wa serikali wanakula nini."

Hakumkaripia. Hakutaja picha. Alimpakulia yeye kwanza, mapaja yote mawili ya kuku, kisha akaenda kula jikoni, kama anavyofanya mwanamke akija mgeni mwanamume asiyemzoea. 'Malisebo alikula ile nyama peke yake kwenye kitambaa cheupe.

Jioni alikuja 'Mapakiso, jirani, ambaye mume wake alikuwa wa pili kuanguka siku ile ya bandani. Yeye hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Nionyeshe mkono," alisema.

"'Mapakiso, acha."

"Nauliza tu. Wake ukoje? Mgumu? Laini? Mimi sijawahi kushika mkono wa waziri."

"Nimeingia pale kwa ajili ya tume. Unanijua."

"Nilikuwa nakujua." 'Mapakiso akajifunga blanketi vizuri, akageuka kwenda, halafu akasimama. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Yule kijana wangu mkubwa amemaliza shule. Anakaa tu. Pale wizarani kwako hawahitaji hata mtu wa kufungua lango?"

'Malisebo alisema ataangalia. Aliangalia kweli, na kijana akapata kazi, na tangu siku hiyo 'Mapakiso hakumtania tena. Akawa anamsalimia kwa heshima. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

*

Tume haikuanza baada ya miezi sita, wala baada ya mwaka. Kwanza hakukuwa na fedha. Kisha jaji aliyetakiwa kuiongoza akaugua, na aliyefuata akakataa. Halafu kumbukumbu za polisi za siku ile zikawa zinatafutwa. Kila mara 'Malisebo alipokwenda kwa waziri mkuu, Khesa alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Wakati wake unakuja, 'M'e." Seabata alikuwa hapatikani. Alikuwa anafungua majosho, na ni lazima isemwe kwamba majosho yalikuwa mazuri na kondoo walioshwa.

Na Phafoli walikutana kwenye vikao. Siku moja alimpitishia sukari. Ilifika siku akawa anampa mkono na yeye anaushika huku akifikiria jambo jingine.

Mwisho alichoka kuomba. Alikwenda kwa Khesa akamwambia kwamba kesho yake ana mahojiano redioni, na kwamba atasema yote, kuanzia ile karatasi ya hoteli. Khesa alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kuhesabiwa. Baada ya siku chache tume ikatangazwa: majaji watatu, ukumbi ndani ya Maseru, siku ikapangwa.

'Malisebo alipanda Ha Ntjabane mwenyewe kupeleka habari. 'Masekake alikuwa akichambua mboga. Vidole vyake vikasimama.

"Na mimi wataniuliza?"

"Wewe wa kwanza, 'M'e. Wewe ulikuwepo."

Ni kweli, alikuwepo. Siku ile 'Malisebo alikuwa shuleni, upande wa pili wa mlima. Aliyewapelekea wanaume chakula bandani alikuwa 'Masekake. Na tangu siku ile hakuwahi kusimulia alichokiona. Akiulizwa alisema atakisema mahali panapostahili.

Tangu hapo akaanza kujifua. 'Malisebo alimsikia alfajiri kule zizini akiwaambia mbuzi, "Mimi naitwa 'Masekake Nthako. Nilikuwa nimebeba sufuria." Kisha anaanza upya, "Waheshimiwa majaji, mimi naitwa 'Masekake Nthako." Siku 'Malisebo alipoondoka, mama mkwe alimwekea kwenye begi mkate uliofungwa kwa kitambaa, akamwita mwanangu.

*

Wajane wa Ha Ntjabane walishuka na basi la kwanza siku iliyopangwa, wamevaa mablanketi yao ya sherehe. 'Malisebo aliwapokea stendi, akawapeleka mpaka mlango wa ukumbi wa tume. Saa mbili kamili alipigiwa simu kwamba anatakiwa bungeni haraka. Kuna kura ya kutokuwa na imani.

Phafoli alikuwa ameomba unaibu waziri mkuu. Khesa alikataa, safari hii bila kuvua miwani. Basi Phafoli akarudi kwa wenzake wa zamani wa Ngao, wakakumbatiana, wakakusanya na vyama vidogo vidogo vyote, na asubuhi ile walikuwa wanahitaji wachache tu kukamilisha.

'Malisebo aliingia bungeni, akamkuta Seabata amesimama kwenye ujia, anaweka sawa kola ya shati. Wabunge wengine wanne wa Wafugaji walikuwa nyuma yake, wanatazama zulia.

Akamshika mkono wa koti. "Ntate. Leo ndiyo siku ya wanawake wetu kusikilizwa. Wako ukumbini sasa hivi."

"Najua. Tume itaendelea. Tumekubaliana katika serikali mpya."

"Mmekubaliana na nani?"

"Mifugo inabaki kwetu. Na Barabara safari hii, wametupa. Nafasi yako pia ipo, nimekutetea. Ileile ya Sheria. Njoo tuvuke pamoja, dada, ni hatua chache tu."

"Na polisi ni ya nani?"

"Usiniulize mambo unayoyajua."

"Seabata, yule bibi ni kikongwe. Hatangoja tume nyingine."

Macho ya Seabata yalilowa. Alikuwa mtu wa machozi ya karibu, na hayakuwa ya uongo. Aliuondoa mkono wa 'Malisebo kwa upole, kidole kimoja kimoja, akavuka na wale wanne wakakaa upande wa pili. 'Malisebo alibaki peke yake kwenye benchi la Wafugaji. Kura zilipigwa, zikahesabiwa, na serikali aliyoishikia mkono mbele ya kamera ikaanguka kabla ya chai ya saa nne. Kule mbele Phafoli alikuwa akipongezwa. Aligeuka, akamwona 'Malisebo, akampungia kwa adabu, kama mtu anayemfahamu mtu kwa mbali.

Khesa alipita akiwa amebeba mkoba wake mwenyewe. "'M'e," alisema, "usipotee. Haya mambo hayadumu. Tutahitajiana tena."

Yeye alikuwa tayari anakimbia.

Mlango wa ukumbi wa tume ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Karani mmoja kijana, mwenye tai, alikuwa anajaribu kuwaeleza wanawake waliokaa kwenye ngazi.

"Tume iliteuliwa na waziri mkuu, bo-'M'e. Sasa waziri mkuu hayupo. Majaji wamesema hawawezi kukaa."

"Lakini wako ndani," 'Mapakiso alisema. "Tumewaona wakiingia."

"Wametokea mlango wa nyuma."

'Masekake alikuwa amekaa ngazi ya juu kabisa, mgongo umenyooka, mikono magotini. Alipomwona 'Malisebo alimtazama tu namna alivyohema, namna kilemba kilivyomlegea, akaelewa.

"Ni yule mtu?" alisema.

"Ni yule, 'M'e. Na Seabata."

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. Karani akajisogeza kando. Magari yalikuwa yakipita, moja linapiga honi kushangilia serikali mpya.

"Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema," 'Masekake alisema. "Nimepanda basi. Nimevaa. Sitarudi nayo nyumbani."

Na akasema palepale kwenye ngazi, bila jaji, bila kipaza sauti, akimtazama 'Malisebo machoni. Alisema anaitwa 'Masekake Nthako. Alikuwa amebeba sufuria ya papa na mboga za moroho. Wanaume walikuwa wanacheza karata juu ya robota, mlango wa banda uko wazi, hakuna aliyeshika hata fimbo. Sekake alimwona mama yake, akainuka kumpokea sufuria. Alikuwa amekwisha kuishika upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa bado mkononi mwa mama. Risasi ilipomwingia hakuiachia, wakashuka chini pamoja, yeye na mama na sufuria katikati. Alimwambia, "'M'e, chakula kinamwagika." Hilo ndilo alilolisema la mwisho.

Karani alikuwa anatazama viatu vyake. 'Malisebo alikuwa amekaa chini kwenye saruji. Alitaka kuomba msamaha, na hakujua aanzie wapi: kwenye ile picha, kwenye maegesho, au kwenye ile miaka ambayo hakuthubutu kumlazimisha bibi huyu aseme.

'Masekake akajifuta midomo kwa pembe ya blanketi. "Haya. Nimesema." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Kuna chakula huu mji wenu?"

Walikwenda kwenye kibanda upande wa pili wa barabara, ambako mama mmoja alikuwa akikaanga makoenya. Redio yake ndogo ilikuwa tayari ikitaja majina ya baraza jipya la mawaziri, kama yalivyokubaliwa kabla ya kura. Wanawake wakapokea maandazi yale kwenye magazeti, wakawa wanakula wamesimama, wanapuliza, wanasikiliza.

"Polisi kapewa nani?" muuzaji akauliza, akigeuza makoenya kwenye mafuta.

"Yuleyule," 'Mapakiso akajibu.

"Mm." Akaopoa makoenya mengine matatu. "Na Fedha?"

'Masekake alikuwa amegeuzia redio sikio lake zima. Alitafuna, akameza, akamshika 'Malisebo kiwiko.

"Wamefika kwenye Elimu? Yule Lisebo wetu akimaliza atataka kazi."

"Bado, 'M'e," 'Malisebo alisema. "Bado wanagawana."